Kindi na Karanga Sitini

Zamani wanyama walipokuwa wakiwekeana akiba, Kindi aliweka karanga zake kwa Bibi Nungunungu, maana nyumba yenye miiba haina mwizi. Kila siku ya gulio alileta karanga kumi, akiimba njia nzima ili majirani wasikie. Katikati ya juma alirudi kimyakimya, akaomba mbili leo, tatu kesho, mpaka zikatimia nane.

Baada ya magulio sita akaja kifua mbele, majirani nyuma yake.

"Bibi, nipe karanga zangu sitini. Nakwenda kuposa."

"Zimebaki kumi na mbili, mjukuu wangu."

"Nimeleta sitini, na hawa wote ni mashahidi."

"Ulizoleta walizisikia. Ulizochukua hukuziimbia. Nane kila juma, jumla arubaini na nane."

"Umezila wewe. Nipishe ghalani nihesabu mwenyewe."

Bibi Nungunungu akampisha. Kindi akaingiza kichwa, akaingiza mabega, tumbo likakwama mlangoni. Akasukuma, akajivuta, wapi. Majirani waliokuja kushuhudia wizi wakashika mbavu kwa kicheko.

"Siku ya kwanza ulipita hapo unaruka," akasema Bibi Nungunungu. "Hizo arubaini na nane ndizo zilizokwama."

Kisha sauti ya upole ikatoka ndani ya ghala: "Bibi, basi nisogezee moja, niitafune nikingoja kukonda."

"Haya, mjukuu wangu. Zitabaki kumi na moja."