Kabla ya Kipenga

Vidole vya miguu yangu vilikuwa vimeng'ang'ania ukingo wa jiwe la kurukia. Chini yangu maji ya bwawa yalitulia tuli.

Baba alisimama kwenye viti vya wazazi, saa ya kupimia mkononi, kidole gumba tayari. Kidole hicho nimekiota hata nikiwa na homa.

"Usikubali binti wa daktari akupite hata kwa ukucha," aliniambia asubuhi. "Ukishindwa leo, mimi uso wangu nitauweka wapi?"

Nilikwenda chooni nikatapika uji wote, kisha nikarudi kumwambia, "Niko sawa, Baba."

Binti wa daktari alikuwa kando yangu, hatikisiki hata ukope.

Sheria ya mashindano haina huruma: anayeruka kabla ya kipenga hutolewa papo hapo, na mwamuzi habembelezwi.

"Jiandaeni!"

Nikaruka.

Chini ya maji hakuna Baba. Nilikaa huko mpaka kifua kikaniwaka moto. Nilipoibuka, Baba alikuwa anashuka ngazi mbili mbili, ameuma meno.

Binti wa daktari alipiga magoti ukingoni, akaninyooshea mkono anitoe. Nilipoushika, ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

"Umeniwahi," alininong'oneza, macho yake yakimtazama mama yake kule vitini. "Sasa mimi nifanyeje?"