Kilio cha Kasuku

Zama zile ndege walipokuwa na maigizo yao ya kuimba, Kasuku alikwenda kwa Mwalimu Korongo, aliyewafundisha sauti na uigizaji, kuomba nafasi ya mama aliyepotelewa na kinda. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Sauti ya ndege gani ingemshinda?

"Haya, imba tukusikie," Korongo akasema.

Kasuku akalia kwa sauti ya Njiwa, bila kukosea hata pumzi. Wanafunzi wakatokwa na machozi, wakainuka, wakamkimbilia Njiwa aliyeketi nyuma. "Pole, dada! Kinda wako amepotea lini?"

"Mbona mimi sijalia!" Njiwa akashangaa.

Kasuku akabaki peke yake jukwaani. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote. Ila wewe mwenyewe ukiumia, hulia vipi?"

Kasuku hakuwahi kujiuliza. Akafumba macho, akawaza jinsi walivyompa mgongo, akafungua mdomo. Ikatoka sauti nyembamba, ya kukwaruza, ikakatika katikati. Darasa zima likageuka kumtazama yeye.

Kasuku akaangaza huku na huku. "Nani huyo aliyelia?"

"Ndiyo kwanza namsikia," Korongo akajibu, "lakini nafasi nimempa."