Kompyuta ya Kona

Kidole cha fundi kilikuwa kimeshagusa swichi, lakini udadisi ukamzuia.

Kompyuta ile kuukuu ilikaa kwenye kona ya mapokezi, imebandikwa karatasi: USIZIME. Yeye alikuwa amekuja kuupanga upya mfumo wa kompyuta wa hospitali maskini, isiyo na mbele wala nyuma, na kila mashine ilihitajika kwa kazi mpya.

"Mama, hii inafanya kazi gani?"

"Hiyo ya maabara," alijibu muuguzi mkuu.

Maabara wakasema ni ya dirisha la dawa. Dirisha la dawa wakasema ni ya muuguzi mkuu.

"Basi huyu yatima," fundi alicheka, akiupapasa mgongo wa mashine. Ulikuwa wa moto. Waya wake ulipanda ukutani, ukatokomea darini.

"Zima tu, mwanangu, tuone nani atapiga kelele," alisema muuguzi mkuu.

Akazima. Wakatega masikio. Kimya.

Kisha simu ya mapokezi ikalia.

"Jamani, tuliambiwa tupige namba hii mashine zetu zikikwama," mwanamke alisema huku akihema. "Mgonjwa yuko mbele yangu, na rekodi zake zimetoweka!"

"Kwani huko ni wapi?" fundi aliuliza.



"Ina maana hamjui kama tupo?"