Mkanda wa Woga

Siku hizi mtalii haruhusiwi kuogopa. Woga wa msafara mzima wa pikipiki unabebwa na kiongozi, kupitia mkanda anaofungwa kifuani. Ndiyo maana Subilaga, aliyezaliwa huku huku juu Kitulo na kuendesha pikipiki tangu usichana wake, alifika nyumbani kwake akitetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa.

Wageni wanane walikaa barazani kunywa chai kabla ya kuteremka magenge. Binti yake, Tupoki, akaja mbio na birika kuwaongezea. Subilaga akaona maji ya moto, akaona kizingiti, akapiga yowe. Mtoto akashtuka, birika likamponyoka, chai ikamuunguza mguu.

"Kumbe kiongozi wetu mwoga!" akacheka Bwana Lindqvist. "Mimi pale kwenye kona ya genge niliachia mikono yote miwili!"

Subilaga alikuwa akimvuta mtoto kumwingiza jikoni.

"Usinishike, mama," Tupoki akalia. "Unatetemeka."

Hapo hasira zikampanda hadi kichwani. Akaufungua mkanda, akautupia mafigani, ukaungua wote. Mikono ikatulia. Ukabaki woga wake mwenyewe, ule mdogo waliozoeana tangu utotoni. Akampakata mwanawe, akampaka asali taratibu.

Barazani vikombe vilianza kuanguka, kimoja baada ya kingine. Kisha Bwana Lindqvist akatokea, amekumbatia mwimo wa mlango, midomo imemkauka.

"Dada, hakuna njia nyingine ya kushuka?"

"Ni hiyo hiyo moja," alisema Subilaga, bila kugeuka. "Maliza chai yako, shujaa. Tunaondoka."