Gauni la Kijani

"Dada, hii ofa maana yake nini hasa?"

Dada Pini, muuza magauni, nusura aimeze pini aliyoibana kwa meno. Aliyeuliza ndiye aliyemnyang'anya mume miaka mitatu iliyopita. Wee! Mtu akuchukulie mume, halafu aje dukani kwako kutafuta vya bei poa, tena akuite dada!

"Maana yake tajiri kawaonea huruma wateja," akajibu, meno yote nje.

Uongo mtupu. Pale dukani kila mfanyakazi alijua kuwa ofa ni nguo iliyochanika, ikashikizwa nyuzi mbili tatu, ikapigwa pasi na kubandikwa karatasi nyekundu. Inunuliwe, iondoke, basi.

Mke mpya akazipita ofa zote, akasimama kwenye gauni la kijani, jipya, zima, la bei kamili. Akajipimia mbele ya kioo.

"Kesho kwenye uchumba wa binti, ukumbi mzima utalitazama hili," akasema. "Lakini bei, mh! Hili halina ofa?"

Binti mwenyewe alikuwa mtoto wa pekee wa Dada Pini, aliyebaki kwa baba yake. Kesho wakwe wanakuja, na huyu anataka ang'ae yeye, mama mzazi aonekane mpishi wa kukodi! Damu ikamchemka.

"Kwako litakuwa ofa. Hulijaribu?"

"Hakuna haja. Litakaa tu."

"Basi nikupigie pasi."

Nyuma ya pazia akachukua wembe. Akaufumua mshono wote wa mgongoni, akaurudishia kwa uzi mmoja mwembamba. Mvaaji akisimama wima, salama. Akiinama tu, kwaheri.

"Utanitambua," akanong'ona. Akalikunja vizuri, akalifunga na utepe juu.

Kesho yake aliwahi ukumbini, akachagua kiti cha mbele, simu tayari kwa picha. Miaka mitatu alikuwa hajasikia raha kama ile. Wakwe walishaketi, baba mtu anahangaika na viti.

Mke mpya akaingia na blauzi ya kijivu na sketi nyeusi, akaja kukaa kando yake.

"Gauni liko wapi?" Dada Pini akauliza.

"Najua hunipendi, dada, na haki unayo," mwenzake akasema kwa sauti ya chini. "Ila mtoto alilitamani lile gauni tangu mwezi uliopita, akaona haya kukuomba. Nimemwambia ni zawadi yako."

Mlango ukafunguliwa. Binti akaingia na gauni la kijani, akamtafuta mama yake kwa macho, akampungia mkono. Kisha akawageukia wakwe, akaanza kuinama apige goti.