Kopo Rafiki

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Rafiki, kila kijana mwenye VVU anapewa kopo la dawa linaloongea. Zamani tulijaza pamba koponi, vidonge visisikike bwenini. Hili halizibiki.

"Nesi, lizime," nilimwambia pale kliniki.

"Mwanangu, si ninyi mliotaka huduma rafiki?"

"Tulitaka msitutangaze kwenye foleni!"

Asubuhi kopo langu likapaza sauti: "Rafiki Sekela, meza dawa!"

Kiranja Tumsifu akaangua kicheko. "Kumbe Sekela ana ngoma!"

Sandukuni mwake, sauti ileile ikaitikia: "Nawe pia, rafiki Tumsifu!"

Bweni zima likanigeukia mimi, mtani mkuu, likisubiri mzaha. Nikalibamiza kopo langu ukutani, kisha nikalichomoa la Tumsifu sandukuni, nalo nikalibamiza. Yote mawili yakaimba: "Tupo pamoja!"