Mshipi Juu ya Ukungu

"Rusha tena," Lachlan Baird alisema, na Hector Pirie akarusha tena, mara ya tano sasa, huku akinung'unika.

Mshipi ulipaa nyuma, ukanyooka, ukarudi mbele na kuangusha kifundo cha sufu katikati ya duara la shabaha lililolazwa nyasini. Kwenye mazoezi hawafungi ndoana. Hufunga sufu, asije mtu akatoboa sikio la mwenzake. Ulikuwa mrusho safi. Lachlan aliandika kitu kwenye kidaftari chake. Siye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu wa samoni kufunguliwa. Wanachama kumi na wawili wa chama cha wavuvi walikuwa wametapakaa uwanjani kando ya mto, wakibadilishana fito na kubishana kama kawaida yao. Hector alijigamba kwamba ufito wake mpya wa kaboni ni mwepesi hausikiki mkononi. Wenzake wakamwambia mwepesi ni yeye, ufito hauna kosa. Wote walimsifu Lachlan kwa kuyashikilia mazoezi tangu mwaka uanze. Hakuna aliyemwuliza kwa nini aliwataka warushe mmoja mmoja, yeye akiwa amesimama nyuma yao.

Alikuwa anautafuta mkono.

Mrusho wa mtu ni kama mwandiko wake. Atabadili ufito, atabadili mshipi, hata mto atauhama, lakini mkono hauachi mazoea. Asubuhi ile ya Septemba aliyozama Struan Mutch, rafiki yake tangu utotoni, ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, umewameza watu hadi kofia. Lachlan alikuwa mbali, kwenye kona ya juu ya mto. Ndivyo alivyowaeleza polisi, nao wakaandika ajali. Jambo moja hakumwambia mtu yeyote, hata Morven, mjane wa Struan, ambaye yeye Lachlan amekuwa akimkatia kuni tangu mazishi. Kulikuwa na mtu mwingine mtoni. Uso hakuuona. Aliona mshipi tu, ukipanda juu ya ukungu, ukisita nyuma kabisa, kisha ukishtuka kidogo kwenda chini, kama mtu aliyebisha hodi akajuta.

Mtu yule alijua Struan alivyokufa. Miezi mitano Lachlan hakuwa amelala usiku mmoja mzima kwa kumfikiria. Dukani na kanisani alitazama mikono ya watu kwanza, nyuso baadaye. Alijiapiza kwamba akimpata, mambo yataisha kabla msimu haujafunguliwa.

Morven alifika na sufuria ya supu ya shayiri, akawaita watu kibandani. Akamgusa Lachlan begani.

"Nawe njoo ule. Umesimama tangu asubuhi."

"Nakuja. Amebaki mmoja."

Aliyebaki alikuwa Bi Effie Tulloch, karani mstaafu wa posta, aliyejiunga na chama Januari lakini mpaka leo alikuwa akikaa tu kutazama wenzake wakirusha. Umri wake miaka sabini na tatu, umbo dogo, na ufito wake wa mwanzi ulikuwa wa marehemu baba yake, mzito kama mpini wa jembe. Lachlan alimwacha mwisho kwa sababu hakuwa amemhesabu. Wanaume walikwenda kula wakitaniana kwamba leo bibi atavua kofia yake mwenyewe.

Bi Effie akarusha.

Mshipi ulipanda. Ukasita. Ukashtuka chini.

Lachlan alikifunga kidaftari chake. Aligeuka kutazama kibanda; mlango ulikuwa umefungwa. Mto ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, umefura kwa maji ya theluji. Alimsogelea yule mama taratibu, akausifia ufito wake, akasema wangekwenda kuujaribu majini, pale chini ya miti, wawili tu. Kisha ikamshinda kungoja.

"Bi Effie, Septemba, ile asubuhi ya ukungu. Ulikuwa mtoni?"

"Nilikuwepo," alijibu, wala hakushtuka. "Ng'ambo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Niliwaambia polisi niliona mishipi miwili upande wa huku. Mmoja ukasimama. Nikasikia mtu akiomba ashikwe mkono, na ule mshipi wa pili unapanda na kushuka, pole pole, hausimami. Nikakimbilia darajani na miguu yangu hii. Nilipofika, palikuwa kimya. Wakaniuliza uso. Uso sikuuona." Alianza kuuvuta mshipi wake kutoka nyasini. "Lakini mrusho ule nauona hata nikifumba macho. Ndio ulionileta kwenye chama chenu, mwanangu. Na wewe Mungu akubariki, umenipangia watu mmoja mmoja."

"Umempata?"

"Kumi nimewatazama. Hayumo."

Mlango wa kibanda ulifunguliwa. Hector na wenzake walitoka na bakuli zao, Morven nyuma yao, wakaegemea ukuta kuota kijua. Bi Effie akaugeuza ufito, akamnyooshea Lachlan upande wa mpini.

"Wewe tangu mwaka uanze hujarusha hata mara moja," alisema. "Rusha, nikuone."

Wote walikuwa wanatazama. Lachlan aliupokea, na vidole vyake vikajipanga vyenyewe kwenye mpini, kama vilivyojipanga asubuhi ile, Struan alipokuwa hatua tatu tu kutoka kwake akiomba ashikwe mkono, naye akaendelea kurusha.